Neno la Mama kwa Bwana wa Wanyama

Kila asubuhi, kabla Faustin hajaenda kazini, Delphine alivuka uwanja wa nyumba yao katika mtaa wa Kamalondo akiwa amebeba kahawa ya mumewe na salamu za mama yake. Mama hakuweza kuzileta mwenyewe. Kwa desturi ya kwao kaskazini, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Neno lolote hupitia kwa binti. Basi tangu mama aliposhuka kwenye treni, alikaa jikoni nyuma ya nyumba, Faustin akakaa barazani mbele, na Delphine akawa njia kati yao.

Njia hiyo ilikuwa na ila yake. Delphine alikuwa mwoga tangu utoto, na maneno makali yalilainika kinywani mwake kabla hayajafika.

"Mwambie mume wako," mama alisema asubuhi ile, huku akipepeta unga, "Mfalme wa Wazungu huko Ulaya ameifunga nchi yetu ya ziwani ili wanyama wakae salama. Haya. Lakini kijiji chetu kimebaki ndani ya mpaka, na sasa tunaambiwa tuhame. Kaburi la baba yako litahamia wapi? Yeye anafanya kazi na Bwana wa Wanyama, yule Mzungu mlinzi wa pori. Aseme naye. Au hujamwambia bado?"

"Nimemwambia, Mama."

Hakuwa amemwambia. Alivuka uwanja, akamkuta Faustin anasugua vifungo vya koti lake la kazi.

"Mama anasema nini leo?"

"Anakusalimu. Anauliza umelala namna gani."

"Mwambie nimelala muzuri sana."

Faustin hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuona tembo walioachwa waoze porini, nyuso zao zimechongwa kwa shoka ili pembe zitolewe, na siku aliposikia kwamba Mfalme ametia sahihi sheria ya kuwalinda, alizunguka Kamalondo nzima akitangaza kama mtu aliyepata mtoto. Kazi ile ndiyo iliyowapa nyumba. Akisema na Bwana, Bwana akikasirika, wataishia wapi? Hilo ndilo lililomfunga Delphine mdomo kila asubuhi.

Alikuwa anarudi jikoni na kikombe kitupu, lango likasukumwa. Bwana wa Wanyama aliingia, na askari nyuma yake.

"Faustin! Iko nyama ya pori ya kule ziwani imeshuka na treni, imeingia mu Kamalondo. Tutafungua nyumba zote. Naanza na yako, bantu wasiseme ninakupendelea."

Juu ya ua kikachomoza kichwa cha jirani yao, Germaine. "Eh, Faustin! Leo panya anatafutwa mu nyumba ya paka!"

Delphine aligeuka kutazama jikoni. Katika kitunga cha mama, kikapu alichoshuka nacho kwenye treni, chini ya samaki wakavu, kulikuwa na mguu wa swala aliyeanguka katika shimo la shamba la mihogo. Mama alimwambia siku ile ile aliyofika, ili Faustin ajue. Neno hilo nalo Delphine alilimeza.

Walipekua chumba, wakapekua uvungu wa kitanda. Kisha Bwana akaonyesha jikoni kwa fimbo yake. "Ingia."

Faustin hakusogea. "Bwana, mama mukwe wangu iko mule."

Bwana akacheka. "Simba huogopi, unaogopa mama mukwe?"

Askari hawakucheka. Na wao walikuwa wameoa.

Faustin alivua kofia, akageuka, akaingia jikoni kinyumenyume, macho yake yakitazama nje na mkono mmoja ukipapasa nyuma yake. Mama alijifunika kitambaa kichwa kizima, akaelekea ukutani. Mkono ukagusa chungu, ukagusa kuni, ukagusa kitunga. Ukazama ndani. Delphine, aliyesimama mlangoni, alikuwa anamtazama mumewe usoni wakati vidole vyake vilipofika kwenye ukwato. Uso ule ukawa rangi ya majivu.

"Muko nini mule ndani?" Bwana aliuliza.

"Muko samaki, Bwana."

"Samaki tu?"

"Samaki tu."

Bwana akatia mguu mmoja ndani. Harufu ya samaki ikampiga; akasimama pale pale, akajifuta shingo. "Huyu mama anatoka ziwani?"

"Ndiyo, Bwana."

"Muzuri. Wiki ijayo ninaenda kule kutosha vijiji vilivyobaki, kuvihamisha vyote. Muulize: bantu wa kwake watatoka kwa amani?"

"Delphine," Faustin alisema bila kugeuka, "uliza."

Delphine aliuliza kwa Kiluba. Mama alijibu akiwa bado amejifunika, polepole, neno moja baada ya lingine. Na Faustin, ambaye Kiluba kilikuwa lugha ya mama yake pia, aliyasikia maneno yale kwa masikio yake mwenyewe, bila mtu kuyalainisha. Alimtazama mke wake, naye akajua kwamba mumewe ameelewa asubuhi zote zile zilivyokuwa. Kisha Faustin akatikisa kichwa kidogo tu: usiseme. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kitunga.

"Anasema nini?"

Neno laini lilikuwa tayari kwenye ulimi. Anakusalimu, Bwana. Lingetoka lenyewe, na Bwana angeenda zake, na wiki ijayo angefika kijijini akiamini kwamba wamekubali. Delphine akashika mwimo wa mlango.

"Hawatatoka, Bwana," alisema.

"Sema kwa nguvu!"

"Anasema hawatatoka! Anasema Mfalme kulinda wanyama ni vizuri, lakini wao waliishi na wanyama hao kabla jina la Mfalme halijafika ziwani. Anasema mume wake amezikwa pale." Akauachia mwimo wa mlango. "Na si Mama peke yake anayesema, Bwana. Ni mimi pia ninasema. Ni baba yangu aliyezikwa pale."