Aliyesimama Nyuma ya Mwonjaji

Fundi alifariki ghafla, moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu, na bia yake ya mwisho ikabaki tangini inachachuka kana kwamba hakuna aliyeipa habari.

Ilikuwa bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ile ambayo wateja waliifuata kutoka mitaa ya mbali. Aliipika mwenyewe katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, chumba chenye matangi mawili ya chuma na sakafu isiyokauka, na mdogo wake ndiye aliyeisambaza kwenye baa. Lakini haikutoka hata chupa moja kabla mke wa Fundi hajaionja. Wateja walimwita Mama Pua, naye hakuchukia. Mwenye pua kubwa kupita wote mtaani alikuwa mumewe, ila ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya pambo tu.

Kuonja kulikuwa na utaratibu wake. Asubuhi kabla ya chai, kinywa kikiwa safi, Mama Pua aliketi kwenye stuli mbele ya dirisha. Aliinua glasi kwenye mwanga, akanusa, akaonja, akameza. Fundi alisimama nyuma yake, mikono kifuani, kimya. Hakuruhusiwa kuonja naye, maana sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: aliyeigusa bia hana haki ya kuihukumu. Mwishowe Mama Pua alitamka neno moja kati ya mawili, "ipite" au "imwagwe", na hakumpendelea hata siku moja. Kuna mwaka alimwagisha tangi zima. Fundi akanuna wiki nzima, kisha akakiri kwamba hata pua yake ya pambo ilikuwa imesikia harufu ya soksi.

Msiba ulipokwisha na wageni kutawanyika, Mama Pua aliketi kwenye stuli kuihukumu bia ya marehemu. Rangi ilikuwa safi na povu limetulia. Akanusa: ganda la chungwa, ukoko wa mkate, na kwa nyuma siagi. Akaonja. Siagi tena, nzito, ikaung'ang'ania ulimi. Siagi ina mahali pake, lakini ndani ya bia ya namna ile ni kasoro. Alifungua mdomo aseme neno, ndipo akahisi kuna mtu nyuma yake.

Hakuwa anaota. Alisikia pumzi zile zile, za puani, zenye mluzi kidogo, na harufu ya kimea kilicholowa kwenye koti. Vinyweleo vya shingo vikamsimama. Aliogopa, na ndani ya woga ule akafurahi. Hakuthubutu kugeuka.

"Vipi, shemeji?" mdogo wa marehemu aliuliza kutoka mlangoni.

Pumzi zikakatika.

"Bado," alisema Mama Pua. Neno hilo halikuwahi kusemwa kwenye stuli ile.

Ikawa ndiyo mazoea. Kila asubuhi alijaza glasi, akaketi, akanusa, na Fundi akaja kusimama. Siku nyingine alibadilisha mguu, buti likalia kwenye maji ya sakafuni. Mama Pua aliizungusha glasi mpaka bia ikaisha ubaridi, maana alijua kwamba akishatamka hukumu, marehemu hatakuwa na la kungoja. Ikipita, itanywewa iishe. Ikimwagwa, itakwenda na maji machafu. Kwa vyovyote angebaki mjane kweli kweli, na hilo hakuwa tayari nalo.

Shemeji yake alivumilia, hatimaye uvumilivu ukamwishia. "Shemeji, watu wanaisubiri. Hiyo siagi unaisikia wewe peke yako. Wenzio watainywa huku wanalia, watajua nini?"

"Kaka yako angejua."

"Kaka yangu alikuwa anakusikiliza wewe. Sema lolote basi, nijue nashika lipi." Akakuna kichwa. "Halafu siku ile ya msiba, mimi ndiye niliyewasha ubaridi wa tangi. Niliogopa isije ikaharibika. Kama nilikosea, niambie."

Mama Pua alilijua hilo tangu glasi ya kwanza. Kila bia ilipokaribia mwisho wa kuchachuka, Fundi alikuwa akilipasha tangi joto kidogo kwa siku chache, ili hamira iile ile ladha ya siagi iliyoitengeneza yenyewe. Safari hii mtu mwenye nia njema alikuwa ameipoza hamira kabla haijamaliza kazi. Haikuwa imekufa, ilikuwa imelala tu, na dawa ilikuwa kuiamsha.

"Hukukosea," alimjibu, akaishia hapo.

Aliyemshika ni binti yake, mshona nguo, aliyekuja kumjulia hali asubuhi moja akamkuta kwenye stuli anatabasamu huku machozi yanamtiririka. Binti akaichukua glasi, akainusa. Pua alirithi ya mama.

"Siagi," alisema. "Hii baba angeipasha joto."

"Najua."

"Sasa mama, unangoja ipone yenyewe, au hutaki ipone?"

Mama Pua akaitazama glasi mkononi mwa binti. Maisha yake yote hakuwahi kuidanganya bia, na sasa alikuwa amejificha nyuma ya kasoro, anailea, apate tu kuwa na mtu wake. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma vibaya.

"Nikiigusa sitakuwa na haki ya kuionja," alisema.

"Nitaionja mimi."

"Na yeye je?"

Binti hakuuliza yeye ni nani. Alitazama chini kwenye sakafu yenye maji. "Baba hakuwahi kupenda kungojeshwa," alisema taratibu.

Asubuhi ile ile Mama Pua alivaa koti la Fundi, likamfika magotini. Alizima ubaridi, akalizungushia tangi mablanketi, akapuliza gesi kutoka chini ili hamira iinuke. Alikosea kufungua bomba, akalowa mpaka nywele, akatoa tusi ambalo mumewe tu ndiye aliyekuwa akilitumia. Kesho yake tangi likaanza kunong'ona. Hakuonja hata tone. Kwenye stuli hakukaa tena, akajipa moyo kwamba Fundi anangoja siku ya kuonja.

Siku hiyo ilipofika, binti alikuja bila kula wala kujipaka manukato. Shemeji alisimama mlangoni, kofia mkononi. Binti akaketi. Mama Pua akatafuta pa kujiweka, miguu ikampeleka yenyewe nyuma ya stuli.

Kumbe ukiwa pale huoni uso. Unaona kisogo, na bega linapanda na kushuka, na glasi inakwenda kwenye mwanga. Huambiwi kitu. Moyo ulimwenda mbio, pumzi zikamtoka puani kwa kelele hata akaona haya. Miaka yote ile mumewe alisimama hapa na hofu hii, na yeye pale mbele alidhani mwenzake amesimama tu. Alimwonea huruma, huruma iliyochelewa.

Akatega sikio. Hakusikia pumzi nyingine, wala buti. Alisogea kando kidogo ampishe, bega likagota kwenye tangi. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili. Mahali pa Fundi palikuwa hapa, na aliyesimama hapa sasa ni yeye.

Binti alimeza. Alikwenda polepole, kama mama yake.

"Ipite," alisema bila kugeuka.

Shemeji akaenda kuleta chupa, akijifuta macho kwa kofia. Mama Pua alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, na binti yake, akidhani ni furaha, akamjazia glasi. Mama Pua aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote bila kuinusa.