Puliza, Hosea

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja tu, na Wendell Stubbs alilitamka mwaka wa hamsini na sita, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nywele nyingi kuliko akili.

Wakati huo ilikuwa desturi ya waimbaji wa rokenroli kwamba ukifika katikati ya wimbo, pale saksafoni inapopokea, unamwita mpulizaji kwa jina ili kumpandisha mori. Wendell alikuwa anarekodi "Dolores, Vaa Viatu". Mahali palipofika, akapasua koo: "Puliza, Cleo!" Nchi nzima ikasikia Cleo akipuliza, isipokuwa Cleo, mpulizaji wake wa siku zote, hakuwamo chumbani. Alikuwa kwake mjini Macon, shavu limevimba kwa jino. Aliyepuliza ni Hosea Tarver, jirani, aliyeitwa dakika za mwisho akaja na viatu vya kazini. Ulimi wa Wendell ulikuwa umezoea jina la Cleo, basi ukalitoa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu alijikwaa mbele ya mashine ya kurekodi inayozunguka.

"Tutarekebisha, kaka," Wendell alimwambia Hosea siku ile. Mwenye studio akasema mkanda ni mzuri mno, usiguswe. Mwezi haukuisha, wimbo ukawa unalia katika kila baa ya Georgia.

Cleo, Mungu amrehemu, hakuwahi kukanusha. Alizunguka miji mikubwa kwa sifa ya dakika moja ambayo hakuipuliza, na alipokufa mjane wake akaagiza maneno yale mawili yachongwe kwenye jiwe la kaburi. Hosea alirudi kwenye kiwanda cha pamba, kufungua marobota. Kila alipothubutu kusema saksafoni ile ni yake, wenzake walikufa kwa kicheko. Wakampa jina: Cleo. "Cleo, leta toroli!" Hata alipofanywa shemasi kanisani, wako waliomwita Shemasi Cleo, naye akaitika, maana angefanya nini?

Mwaka wa sabini na nne akaja Garrity, mtayarishaji wa muziki kutoka Nashville. Mikanda ya zamani ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyomtupa Wendell, na Garrity alitaka nyimbo zilezile ziimbwe upya, zifanane na za kwanza kama pacha na pacha. Wendell hakuuliza mengi. Aliona mlango umefunguliwa ambao alidhani umekwisha pigwa misumari. Alikwenda siku hiyo hiyo nyumbani kwa Hosea, akamkuta barazani akila karanga za kuchemsha.

"Shemasi, shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa, Stubbs. Umaarufu unaliwa kwa kijiko?"

"Nimekuja na habari. Tunairudia Dolores. Nataka upulize wewe, na safari hii nitaliita jina lako."

Hosea alimenya karanga mbili kabla ya kujibu. "Mapafu yangu yamejaa pamba, mdogo wangu. Daktari anasema nisipande hata ngazi."

"Studio iko chini, haina ngazi."

Hosea akacheka hadi akakohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kuliko kicheko. "Ninayo pumzi ya mara moja," alisema alipotulia. "Ya pili sikuahidi. Lakini nitakuja. Nina wajukuu wanne, Wendell. Nao pia wananicheka."

Wendell alirudi nyumbani mwepesi, akajisifu moyoni kama mtu aliyekwisha tenda wema, kumbe ndiyo kwanza ameuahidi.

Siku ya kurekodi alitarajia ugomvi na Garrity kuhusu jina, hata akajiandalia maneno makali. Hayakuhitajika. "Ita hata jina la mama mkwe wako," Garrity alisema, "mradi iwe na moto wa zamani." Ili kuupata moto huo aliwaweka wote chumba kimoja, maikrofoni mbili, kama walivyofanya wenyewe enzi zile. Sauti zote zingeingia mkandani pamoja. Ukigusa moja umezigusa zote.

Hosea alikuja na suti ya Jumapili. Aliketi kitini, saksafoni mapajani, akihifadhi pumzi kama mtu anayehifadhi maji safarini. Hakupuliza hata majaribio.

"Uko tayari, Shemasi?"

"Mimi nilikuwa tayari tangu hamsini na sita. Wewe je?"

Watu wakacheka. Ngoma ikaingia, piano ikafuata, na Wendell akaimba. Mara koo likafunguka. Alikuwa na miaka arobaini na tumbo, lakini sauti ilitoka kana kwamba ilikuwa imefichwa mahali ikimngoja. Alifurahi, na furaha ndiyo iliyomponza. Alisahau kujilinda. Kwa miaka kumi na minane, kila jukwaa, hata apulize nani, watu walidai kelele ile ile na kuipiga pamoja naye. Mahali palipofika, mdomo haukumsubiri mwenyewe.

"Puliza, Cleo!"

Alijisikia. Alitamani sakafu ipasuke. Hosea alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua, wala hakuyumba. Akapuliza. Akapuliza vizuri kuliko mwaka ule, kwa sauti nzito yenye mambo ndani yake, na wimbo ulipokwisha mpiga ngoma alivua kofia.

Garrity alitoka nyuma ya kioo akipiga makofi. "Hii ndiyo!"

"Siyo," Wendell alisema. "Turudie. Nimekosea jina."

"Kata tu neno hilo."

"Halikatiki," fundi wa mitambo alisema. "Limelala juu ya noti yake ya kwanza. Nikilitoa, naitoa na saksafoni."

Wote wakamtazama Hosea. Alipangusa mdomo wa saksafoni kwa leso, polepole. "Haya. Turudie."

Walirudia. Safari hii Wendell aliliita jina kwa nguvu zake zote, "Puliza, Hosea!" na kilichotoka kilikuwa upepo. Noti tatu zikasimama, ya nne ikavunjika, kisha kikohozi. Hosea alipigana na saksafoni hadi mwisho, jasho likimtiririka kwenye kola nyeupe.

Wakasikiliza rekodi zote mbili. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ipi ni bora.

"Chukueni ya kwanza," Hosea alisema.

"Hapana, kaka. Ya pili ina jina lako."

"Ndiyo sababu siitaki. Miaka yote nimewaambia watu kwamba najua kupuliza. Leo wasikie jina langu, halafu wasikie takataka ile? Bora kazi nzuri iende na jina la marehemu."

Garrity, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema jina la Hosea lingeandikwa nyuma ya jalada la santuri.

"Asante, bwana. Lakini kiwandani hatusomi majalada. Tunasikia redio."

Hosea aliifunga saksafoni ndani ya sanduku. Wendell alinyoosha mkono ampokee mzigo, naye akauhamishia upande wa pili. Wendell akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wapiga vyombo wake, na hakuona haya.

"Nisamehe, kaka Hosea."

"Nitakusamehe. Mimi ni shemasi, ndiyo kazi yangu. Ila usiniharakishe. Mara ya kwanza ulikuwa kijana, nikakusamehe kabla sijafika nyumbani. Leo ulikuwa na miaka kumi na minane ya kujiandaa."

"Jumapili nitakuja kanisani. Nitasimama mbele ya wote, wajukuu wako wakiwepo, niwaambie ni wewe. Zote mbili ni wewe."

Hosea alisimama mlangoni akivuta hewa, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Wendell zaidi.

"Utawaambia nini, mdogo wangu? Zamani walikuwa na santuri moja ya kunibishia. Sasa umewapa ya pili."