Maji ya Kulinganishia

Mashine yangu ina vioo viwili vinavyotazamana, na katikati yake kijichupa cha maji. Mwanga ukipita mara moja tu katika maji yenye uchafu kidogo, huoni tofauti. Lakini vioo vile huurudisha huku na huku maelfu ya mara kabla haujafifia, na kila unapopita uchafu huumega kidogo. Kati ya aliyeonja kijiko kimoja cha mchuzi na aliyemaliza sufuria, nani atakuambia chumvi imezidi? Basi tunapima mwanga unadumu kiasi gani katika maji safi, kisha katika maji tunayoyashuku. Ukififia mapema zaidi, kuna kitu mle ndani.

Na mimi nilijua kuna kitu. Kisima chetu kiko chini ya ukuta wa kiwanda cha rangi. Mama anakunywa pale, mwanangu anakunywa pale. Mashine za kawaida zilisema maji ni safi, ndiyo maana nikaijenga hii kwa miaka, watu wakinicheka kwamba nimeolewa na vioo. Siku ile mkaguzi wa maji alikuja kushuhudia. Nikimwonyesha, kisima kinafungwa na kiwanda kinabanwa. Nikishindwa, harudi tena.

Maji safi ya kulinganishia hujazwa kila asubuhi na mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nilimleta maabara mimi mwenyewe, nikamfundisha kila kitu, hata namna ya kushika chupa. Asubuhi ile mwanga ulififia mapema hata katika maji safi.

"Vioo vimeingia vumbi, dada," akasema. "Si unauona upepo wa leo?"

Nikamwamini. Nikavisafisha inavyotakiwa: karatasi laini, tone la spiriti, unapangusa mara moja tu. Wapi! Mkaguzi alishakaa, anatazama saa. Nikapima hivyo hivyo, maji safi kwanza, kisha ya kisima. Tofauti haikuwepo, hata ya kusingizia.

"Bibie," mkaguzi akasema, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "kisima chenu hakina neno." Akateremka kumsubiri dereva wake.

Nilibaki nimekaa kama gunia. Kisha hasira ikanipanda, maana vioo vyangu navijua. Nikakinga maji mapya moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa mvuke unaotusafishia maji, nikayatia kwa mkono wangu. Mwanga ukadumu, ukadumu, kama siku zote. Vioo havikuwa na kosa. Chupa aliyoijaza mdogo wangu ilikuwa na maji ya kisima. Tulikuwa tumelinganisha kisima na kisima.

Alijua nimejua. Mezani mbele yake palikuwa na maji yake ya dukani, yale aliyokuwa akituambia ni ya kulainisha ngozi, nasi tukimtania kwamba bibi harusi mtarajiwa ana makuu.

"Tangu lini wewe hunywi maji ya nyumbani?" nikamuuliza.

"Tangu mwenzangu aliponiambia." Mchumba wake ndiye mkemia wa kiwanda. "Dada, mambo yakijulikana watamfunga yeye. Na harusi ndiyo hiyo imefika. Ningefanyaje?"

"Ungetuambia tusinywe! Mama je? Na mwanangu, anayekuita mama mdogo?"

"Nilikuwa namnunulia juisi," akasema, "kila nilipoweza."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Labda wao hawakuwa na wadogo.

Nikafungua dirisha. Mkaguzi alikuwa mguu mmoja ndani ya gari. Nikamwita kwa ukelele, heshima baadaye, akapanda ngazi akinung'unika. Nikapima upya mbele ya macho yake, maji ya mtambo, kisha ya kisima. Safari hii katika maji ya kisima mwanga ulizimika upesi, na manung'uniko yake nayo yakakoma.

"Ile chupa ya kwanza," akauliza, "aliijaza nani?"

Mdogo wangu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni akivunja kikombe, akisubiri niseme ni mimi. Na siku zote nilisema ni mimi.

"Huyu hapa," nikasema. "Mdogo wangu. Tumbo moja."