Zawadi Juu ya Kabati

Ajwang aliipokea zawadi yangu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kisha akapanda juu ya stuli na kuiweka juu ya kabati. Hakuifungua.

Nilibaki nimesimama katikati ya sebule ile ya Ruiru kama mtu aliyesalimia asijibiwe. Bintiye, Aoko, alikuwa anatimiza miaka sita. Lakini mimi sikuwa nimetoka Thika kwa garimoshi, mwaka ule wa 1958, kwa ajili ya mtoto. Nilikuja kwa ajili ya babake, Omondi.

Mimi na Omondi tulisoma shule moja ya usiku, benchi moja, chini ya karabai moja. Ni mimi niliyemwonyesha namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kinu cha kahawa kilipotafuta karani mkuu, tuliomba sote wawili. Akachukuliwa yeye, akapewa na nyumba ya mawe. Tangu hapo kila nikisikia jina lake, chai ilinichachia mdomoni. Watu husema uzee hupoza wivu. Nina mvi kichwa kizima, nimesoma vitabu kuliko wengi waliokwenda shule mchana, na wangu haujapoa vizuri.

Kwa hivyo kadi yake ya mwaliko ilipofika, niliapa kwamba zawadi yangu ingewaacha wageni wake vinywa wazi. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza desturi ya Wazungu: zawadi hufungwa kwa karatasi, mtoto huifungua mbele ya watu, watu wakashangilia. Nikaenda dukani kwa Mhindi, nikanunua mwanasesere mwenye nywele za dhahabu na viatu vya kuvuliwa. Mke wangu, Ngendo, alinitazama nikimfunga, binti yetu Waceke akiwa nje anacheza.

“Na wa Waceke?” akauliza.

“Wake utafuata.”

“Haya, msomi. Mimi nabeba kiondo changu kwa mama mtu. Sijaona mtoto aliyejizaa mwenyewe.”

Akakijaza unga wa wimbi na ndizi, wala hakukifunika.

Sasa, pale Ruiru, kiondo kile kilizua vigelegele. Ajwang alichota unga, akaunusa. “Huu umesagwa kwa jiwe! Njooni muone!” Hata Omondi, na tai yake shingoni, aliwaacha wageni akaja kuchungulia. Nikamwonea kijicho mke wangu mwenyewe, kwa sababu ya unga.

Uvumilivu ukaniisha. “Omondi, yangu hamuifungui? Wazungu hufungua papo hapo.”

Akanishika bega. “Githinji, ndugu yangu, nikiifungua mbele yako si utadhani naipima? Mgeni akishaenda ndipo tutaangalia. Kwani kwenu si hivyo?”

Kwetu ni hivyo hivyo. Nikaketi, nikala keki. Karatasi nyekundu iling'aa kule juu, na kila mgeni aliyeinua macho nilimngoja aulize. Hakuuliza mtu.

Jioni, ndani ya garimoshi, kiondo kilirudi kizito. Ajwang alikuwa amekijaza karanga na samaki wakavu, maana hata kwao chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu. Ngendo alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, ameridhika kama mtu aliyepandishwa cheo. Waceke aliniegemea, vidole vikinata sukari.

“Baba, ndani ya ile karatasi mlikuwa na nini?”

Ngendo akaacha kuimba. Akageuza uso dirishani, mashamba ya mkonge yakipita, akaniachia swali lile peke yangu.

“Kitabu,” nikasema.



“Maskini Aoko,” Waceke akasema, akaingiza mkono kiondoni kutafuta karanga.