Somo la Robo na Theluthi

Kila asubuhi mwalimu wa darasa la pili alimaliza hisabati kwa namna ileile. Alifuta ubao, akakung'uta chaki mikononi, akauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia kama wimbo, "Ndiyooo, mwalimu!" kisha kila mmoja akatoa daftari la Kiswahili. Siku waliyoanza kufundishwa robo na theluthi, waliitikia vilevile, lakini madaftari hayakutoka. Watoto wengi walikuwa wamenyanyuka shibiri nzima juu ya madawati, na mikono yao haikuifikia mikoba sakafuni.

"Shikeni madawati," mwalimu alisema. "Na wewe Karanga, ukifika kwenye feni nitakushusha kwa ufagio."

Karanga, binti mdogo kuliko wote, alicheka huku akizidi kupanda.

Kwenye dawati la nyuma alikaa mtafiti kutoka ofisi ya mitaala. Shule hiyo ilipatikana kwa kura, pamoja na nyingine kadhaa, na ikatokea kwamba mwalimu ni shangazi yake. Mtafiti alikuwa na haya. Dukani akipewa chumvi badala ya sukari, hushukuru akaenda nayo. Alikuwa ametumwa kuchunguza kama robo na theluthi, zilizofundishwa miaka yote darasa la nne, zinaweza kushushwa hadi la pili. Alitoa rula, akapita taratibu akipima nafasi kati ya kila mtoto na dawati lake. Waliopaa juu sana walimsaidia kushika upande wa pili.

Wakati wa mapumziko aliwahoji mmoja mmoja barazani.

"Robo na theluthi, ipi kubwa?"

"Robo," alisema Karanga.

"Kwa nini?"

"Si nne inaizidi tatu?"

"Na mbona ulisema umeelewa?"

Karanga alimtazama kwa huruma, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Dada, mwalimu akiuliza, mtu anasema ndiyo. Wewe hukusoma?"

Kesho yake mwalimu alifundisha kujumlisha, na watoto walewale wakakaa wametulia tuli kwenye madawati. Mtafiti akaenda kwenye shule nyingine. Huko walimu walikuwa wengine, lakini robo na theluthi ziliwapaisha watoto vilevile. Katika shule moja walikuwa wameshazoea, kila mtoto alikuja na jiwe lake mkobani. Alipima, akahoji, akarudia kupima, mpaka hakubaki na shaka.

Jioni moja alikuwa akimsaidia shangazi yake kuosha vyombo.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" shangazi aliuliza. "Nimewakatia karatasi, nimewachorea na chungwa. Wanapaa tu. Labda nimezeeka."

Mtafiti alisuuza sahani iliyokwisha takata. Jibu lilikuwa limemjaa kinywani.

"Sabuni inakwisha, shangazi," akasema.

"Haya, na hilo ukawaambie wakubwa zako."

Kwenye kikao cha kamati ya mitaala, Mwenyekiti alisikiliza habari za kupaa bila hata kuinua nyusi. Aliuliza vipimo vilikuwa vya sentimita au inchi. Alipojibiwa, akaridhika.

"Hilo ni tatizo la ufundishaji," alisema. "Vitabu vya darasa la pili vimeshachapwa, robo na theluthi zimo, na lori linapakia sasa hivi. Tuanze na huyu mwalimu wa shule ya kwanza. Aondolewe darasani, apewe stoo ya ufagio na chaki. Tumeelewana?"

"Ndiyo," wajumbe waliitikia, na wote wakapaa.

Walishika ukingo wa meza kama watu waliozoea vikao. Kiatu cha katibu kilidondoka. Mjumbe aliyekuwa karibu na swichi alizima feni kwa tahadhari. Mwenyekiti mwenyewe alipanda mpaka kichwa kikagusa dari, akawa anaweka tai yake sawa.

Mtafiti peke yake alibaki kitini, miguu sakafuni.

"Binti, mbona hujaitikia?" Mwenyekiti aliuliza kutoka juu. "Au kwa sababu ni shangazi yako?"

"Samahani, mzee," alisema kwa sauti ya chini.

"Paza sauti. Huku hatukusikii."

Nje, lori la vitabu lilikuwa limewasha injini na geti linafunguliwa. Mtafiti alisimama.

"Ndiyo, ni shangazi yangu, na nampenda," alisema kwa nguvu, akiushinda mngurumo wa lori. "Lakini hana kosa. Akifundisha kujumlisha, watoto walewale wanakaa. Walimu wengine wakifundisha robo na theluthi, watoto wao nao wanapaa. Mlinituma nikawaulize watoto kama wako tayari. Nimewauliza, hawako tayari. Na ninyi mlikwisha chapa vitabu kabla sijauliza."