Dhamana ya Mzee Antipasi

Mzee Antipasi wa Misigiri alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na kwa bahati mbaya maandishi ya kwanza aliyoyasoma peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho yalikuwa mkataba wake mwenyewe. Alikuwa ameuwekea dole gumba mwaka uliopita, alipochukua redio kwa mkopo dukani kwa Ahmadi. Sasa alifuata neno kwa neno kwa dole lilelile, akafika mahali palipoandikwa kwamba deni lisipolipwa baada ya mavuno, mwenye duka atamchukua ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mali halali ya Antipasi.

Akasoma tena. Maneno hayakubadilika. Na mavuno yenyewe hayakuwapo, kwa maana mvua ilikatika mtama ukiwa magotini.

"Mama Paulo," akamwita mkewe, "hivi yule ng'ombe mwekundu ni wa nani?"

Magdalena alikuwa zizini akimkamua ng'ombe huyohuyo. "Wa Samweli wa Sekenke. Umesahau, au ndiyo umezeeka?"

Hakusahau. Alikuwa amejizoeza tu kutokumbuka. Kwao mtu hafugi mifugo yake yote nyumbani. Humpelekea rafiki wa mbali amtunzie ng'ombe, ili ugonjwa, mwizi au ndugu mwombaji asikute vyote mahali pamoja. Anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Mali hubaki ya mwenyewe, na jambo hilo halitangazwi. Hivyo Samweli alimweka mwekundu kwa Antipasi, naye Antipasi akamweka mtamba wake wa pekee, mweusi mwenye sikio lililochanika, kwa Damiani wa kitongoji cha bondeni. Kijiji kizima kilimwona Antipasi akimpeleka mwekundu malishoni, kikamwita mwenye ng'ombe, kikamchagua mwenyekiti wa kamati ya mifugo. Yeye hakumsahihisha mtu.

"Umeweka rehani ng'ombe wa watu kwa ajili ya redio?" Magdalena aliweka kibuyu chini.

"Ahmadi aliuliza ng'ombe yuko wapi. Nikamwonyesha alipo. Hakuuliza ni wa nani."

"Basi nenda mahakamani ukaseme hivyohivyo. Mwekundu si wako, useme si wako. Lakini mtamba wetu usimtaje. Yule ndiye mahari ya Paulo. Ukifungua mdomo, Ahmadi atamchukua yeye. Umenisikia, Baba Paulo?"

"Mimi mtu mzima."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Siku ya shauri, Mahakama ya Mwanzo ilijaa watu, kwa kuwa shambani hapakuwa na kazi. Hakimu alikuwa kijana mpole. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, na mmoja wao alikuwa Damiani, kifua mbele, kofia magotini. Ahmadi alisimama na furushi la mikataba kwapani.

Hakimu alimweleza Antipasi kwamba mkataba hauwi halali kwa sababu tu umeandikwa. Yapo mambo yanayoweza kuuvunja, naye angemuuliza moja baada ya jingine.

"Mzee wangu, ulipoweka dole gumba, ulikuwa na akili timamu?"

Antipasi alijinyoosha. "Ndugu Hakimu, akili yangu haijawahi kuyumba."

"Labda ulikuwa umelewa?"

"Mimi silewi. Hunywa kidogo, na hutembea wima."

Magdalena alikohoa. Watu wakacheka.

"Ulilazimishwa?"

"Na nani? Na Ahmadi?" Alimtazama mwenye duka, mtu mwembamba kama mpini wa jembe. "Anilazimishe mimi?"

"Ulisomewa mkataba kabla ya kuuwekea dole?"

"Nilisomewa. Ila nilikuwa nasikiliza redio."

Kicheko kikafika hadi kwa waliosimama nje. Hakimu aliinamia daftari lake mpaka uso ukamtulia, kisha akasema, "Mzee wangu, kila mlango ninaokufungulia unaufunga mwenyewe. Umebaki mmoja. Mtu hawezi kuweka rehani kitu kisicho chake. Ng'ombe huyu ni wako?"

Antipasi aliwaona wanakamati wenzake wakingoja. Akaona pia uso wa Samweli, ingawa Samweli alikuwa mbali Sekenke, hana habari kwamba mali yake inajadiliwa.

"Si wangu," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee."

"Si wangu! Ni wa rafiki yangu. Namtunzia. Zizini kwangu hamna ng'ombe hata mmoja aliye wangu."

"Mwenyekiti wa kamati ya mifugo!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe mifugo yenyewe ni kamati tu!"

Antipasi alikaa. Masikio yalimwaka moto. Magdalena, aliyekuwa nyuma yake, alimgusa bega na kunong'ona, "Umefanya vema. Sasa nyamaza."

Hakimu akasema rehani ya mwekundu imevunjika, ila deni lipo palepale na lazima lilipwe. Ahmadi hakumsikiliza sana. Rangi ya uso ilikuwa imemtoka. Alifungua furushi lake na kuanza kupekua karatasi.

"Ndugu Hakimu, nina mikataba mingi hapa, na kila mmoja una ng'ombe." Akawageukia watu. "Nanyi wengine? Wale ni wenu?"

Wanaume waliokuwa wakicheka wakaanza kuchunguza paa. Mmoja akakumbuka ameacha moto nyumbani, akatoka. Ahmadi akavuta karatasi moja na kumgeukia mzee wa baraza.

"Mzee Damiani, samahani. Ulipochukua baiskeli uliniwekea mtamba mweusi, sikio limechanika. Ni wako kweli?"

Damiani alivaa kofia, akaivua. Macho ya kijiji yalikuwa juu yake, na alikuwa ameona yaliyompata mwenzake.

"Wangu," alisema. "Kazaliwa mikononi mwangu. Hata mama yake ni wangu."

Magdalena aliwahi kushika shati la mumewe, lakini kitambaa kilikuwa chakavu. Kilibaki mkononi mwake kipande, Antipasi akiwa tayari amesimama.

"Mwongo mkubwa! Mtamba ni wangu! Mama yake nilimnunua mnadani, na lile sikio lilichanwa na mbwa wangu! Damiani, wewe unatumia samadi ya watu na bado unadai mama!"

Taratibu, Ahmadi akatoa kalamu mfukoni.

"Kumbe Mzee Antipasi ana ng'ombe," alisema.

"Ninaye!" alijibu Antipasi, na kwa muda mfupi sana alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Misigiri. Halafu akamwona mkewe ameshika kipande cha shati, akaelewa.

Magdalena hakungoja aulizwe. "Ndugu Hakimu, naomba kusema. Redio irudi dukani. Ni nzima, huyu huifuta vumbi kila siku, na betri zimekwisha tangu Pasaka. Mtamba aje nyumbani kwangu. Leo."

Ahmadi aliitazama mikataba yake, akawatazama waliobaki wakichunguza paa. Akaona kwamba redio iliyo mkononi ina nafuu kuliko ng'ombe wote walio kwenye karatasi. Akakubali deni lifutwe. Hakimu akaandika, na Antipasi akatia saini kwa jina lake kamili, kwa herufi kubwa zilizofika ukingoni mwa karatasi.

Alimrudisha mtamba kwa njia ndefu, ile inayopita sokoni na mbele ya ofisi ya kijiji, akisimama kila alipoamkiwa.

Jioni majirani walikuja kuzungumza, kama walivyozoea tangu siku za betri, wakakuta kigoda cha redio kitupu. Antipasi alikalia kigoda hicho, akasafisha koo, akaanza kuwasimulia shauri tangu mwanzo, namna alivyoyajibu maswali yote ya hakimu bila kubabaika.

"Baba Paulo," Magdalena aliita kutoka jikoni, "punguza sauti, mtamba mgeni hajazoea."