Hita ya Lori la Magogo

Aune alikuwa kalala chali chini ya gari lake la safari, lile lenye kitanda na jiko ndani, theluji ikimwingia shingoni, na mwanawe Tuomo kasimama pembeni akihubiri.

"Mama, chumba kule nyumba ya wazee kimepatikana. Kuna joto, kuna wenzako."

"Wenzangu gani? Wale wanaolazwa jua halijazama? Nipe spana."

Jamani, huyu mama aliendesha lori la magogo tangu usichana hadi mvi, misitu yote ya huku Kainuu ilimjua. Lori lilipouzwa chuma chakavu, aling'oa kitu kimoja tu: hita ya dizeli iliyokuwa ikimpa joto akilala njiani. Sasa aliitaka humu, aende akaishi Inari, kaskazini kabisa kwenye ziwa, avue samaki kwenye barafu mpaka achoke mwenyewe. Alishatoboa sakafu kupitisha bomba la moshi, usije ukamuua usingizini. Na kwa kuwa hita ya lori hutaka umeme mara mbili ya ule wa gari hili, aliiungia betri mbili za kwake yenyewe.

"Tukubaliane," alisema Tuomo. "Ikiwaka mpaka sauna, bafu lako la mvuke, iwe tayari, nenda. Ikizima, unanipa funguo za gari."

"Mkono huu hapa."

Ghafla Tuomo akawa mwema. Akaleta dumu kutoka gereji yenye joto, akamimina mwenyewe dizeli kwenye tangi dogo la hita chini ya gari, eti mgongo wa mama usiumie. Aune akabonyeza swichi. Hita ikanguruma, joto likajaa, naye akavua kofia akicheka peke yake. Akaenda kuwasha kuni za sauna.

Aliporudi, gari lilikuwa baridi na hita kimya.

"Pole, mama." Tuomo alishanyoosha mkono. "Funguo."

Moyo ulimshuka Aune. Lakini yeye kukubali kuwa kitu kimekufa kabla hajakifungua? Thubutu! Alichomoa mpira wa mafuta. Halikutoka hata tone. Akafungua tangi. Ndani mlikuwa na mafuta mekundu yaliyoganda, utandu juu kama mchuzi wa jana.

"Hii ya trekta, Tuomo. Dizeli ya kiangazi! Hata mtoto wa chekechea huku anajua inaganda kwenye baridi hii."

Tuomo aliurudisha mkono mfukoni.

"Ulijua?"

"Nilijua. Utakufa huko peke yako, mama. Nani ataniambia?"

Iliuma. Aune alimpenda sana huyu mtoto, na alitamani kumzaba kofi.

"Si ungesema tu kwamba unaogopa? Kuliko kunivizia hivi kama mwizi! Mimi si gogo, Tuomo, unishushe unapotaka wewe."

Akaumwaga ule uji wa mafuta, akaumwagia mpira maji ya moto mpaka ukazibuka, akatia dizeli yake ya baridi. Hita ikakohoa, ikawaka. Akamkalisha Tuomo ndani, mlango kaufunga, mpaka jasho likamtiririka na sauna ikawa tayari.

"Ulitaka ufunguo," alisema. Akachomoa mmoja, akamwekea kiganjani. Ulikuwa wa nyumba yake, si wa gari.

"Maua yangu uyamwagilie. Haya, nenda kaoge, sauna inapoa."